Kupeleka darasa lako sinagogi Nairobi: mwongozo wa hatua kwa hatua kwa mwalimu anayeenda mara ya kwanza

Kila muhula napata meseji zilezile. Mwalimu, wasichana ni lazima wafunike kichwa? Naweza kuwapeleka Jumamosi ndio waone ibada yenyewe? Kuna mzazi amekataa katakata, nimjibu nini? Nafundisha CRE (somo la dini ya Kikristo) na historia, nimeshapeleka wanafunzi mara kadhaa, kuna mara ilienda vizuri sana na kuna mara tulisumbuka getini kwa sababu ya uzembe wangu mwenyewe, kwa hivyo nimeona niandike yote mahali pamoja, mtu akiniuliza tena nimtumie hii tu.

Mwongozo huu nimeuandika nikifikiria sinagogi la Nairobi Hebrew Congregation, pale University Way inapokutana na Uhuru Highway, jirani na chuo kikuu. Wengi tumepita hapo miaka na miaka kwa matatu bila kujua ni nini. Kama uko upande wa Mbale, Uganda, kuna Abayudaya pale mlima wa Nabugoye, jamii iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, na sinagogi lao kubwa lilifunguliwa 2016. Kama uko Lubumbashi kuna sinagogi la tangu enzi za Wabelgiji, la Wayahudi ambao wengi wao asili yao ni kisiwa cha Rhodes. Hatua ni hizihizi, ila desturi za pale uliza wenyewe wa pale.

Na kwa nini ujisumbue? Manake watoto wetu wanawajua Wayahudi wa Biblia na wa Kurani tu. Uliza darasa lako Wayahudi wako wapi leo, utasikia "Israeli" ama "walikuwa zamani". Kumbe ni majirani, wamekuwa Nairobi tangu mji wenyewe uko reli na mahema. Kumtoa mtoto kwa Wayahudi wa kwenye kitabu ukamfikisha kwa mtu aliye hai, anayemfungulia mlango na kumwambia karibu, hilo ndilo linalonifanya nirudi kila mwaka.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA HUJAANZA

- Barua ya mwalimu mkuu yenye nembo ya shule na muhuri
- Ruhusa ya ofisi ya elimu, kama shule yako ni ya kuomba ruhusa kila safari (uliza, usikisie)
- Fomu za wazazi zilizosainiwa, zote, hakuna "ataleta kesho"
- Listi ya majina kamili ya wanafunzi, na ya watu wazima pamoja na namba za vitambulisho, dereva na msaidizi wake wakiwemo
- Kofia za wavulana
- Basi, na dereva anayeijua town
- Chakula cha mchana cha kula KWINGINE
- Vipindi viwili vya darasani kabla ya safari. Hivi usiviruke hata ukibanwa na silabasi

HATUA KWA HATUA

1. Andika kuomba, angalau mwezi mmoja kabla

Usitokee tu na basi. Andika imeli au barua, useme shule gani, kidato au gredi gani, wanafunzi wangapi, dini zao kwa ujumla, na unataka wajifunze nini. Hiyo ya mwisho ndiyo watu husahau. Ukiandika "tunataka kutembelea" tu, mwenyeji hajui akuandalie nini. Ukiandika "wanasoma habari za Sabato na Torati, tungependa waone gombo la Torati kama inawezekana", umemsaidia sana. Kumbuka jamii ni ndogo na wanaopokea wageni ni watu wenye kazi zao, kwa hivyo usipojibiwa siku mbili usikasirike, subiri wiki ndio ukumbushe kwa adabu.

Idadi: mimi sizidishi 35 kwa mara moja, na mwalimu mmoja kwa kila wanafunzi 12 hivi. Ukipeleka 80 wale wa nyuma hawaoni kitu, wataanza kupiga stori.

2. Chagua siku, na usichague Jumamosi

Najua unafikiria Jumamosi ndiyo siku ya ibada kwa hivyo ndiyo nzuri. Hapana. Sabato yao inaanza Ijumaa jua likizama, Nairobi ni kama saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima, mpaka Jumamosi usiku nyota zikitoka. Siku hiyo hawaandiki, hawapigi picha, hawashiki simu, hawaendeshi magari, na wewe unakuja na watoto 35 wenye madaftari na kalamu. Ijumaa mchana pia achana nayo, watu wanakimbizana na maandalizi. Jumatatu hadi Alhamisi asubuhi ndiyo salama.

Halafu angalia sikukuu. Muhula wa tatu una msururu: mwaka mpya wao, Siku ya Upatanisho na Sikukuu ya Vibanda, zote zinaangukia Septemba na Oktoba. Pasaka yao huwa Machi au Aprili. Tarehe zinahama kila mwaka kwa sababu kalenda yao inafuata mwezi, ila wao huongeza mwezi wa kumi na tatu miaka mingine ili Pasaka isitoke kwenye msimu wake, ndio maana haizunguki mwaka mzima kama Ramadhani. Mimi napenda Juni.

3. Wazazi

Hapa ndipo safari nyingi hufia. Mzazi akisikia tu "sinagogi" bila maelezo, mwingine anafikiri mtoto anaenda kubatizwa, mwingine anaingiza siasa za Mashariki ya Kati. Andika barua fupi, kwa lugha ya nyumbani. Yangu huwa hivi, chukua ubadilishe upendavyo:

"Mzazi/mlezi mpendwa. Wanafunzi wa kidato/gredi ya ... watatembelea sinagogi, nyumba ya ibada ya Wayahudi, jijini Nairobi tarehe ... kama sehemu ya somo la dini. Wataangalia, watasikiliza na kuuliza maswali. Hakuna mwanafunzi atakayeombwa kusali, kuswali wala kushiriki ibada yoyote. Wavulana watafunika kichwa kwa heshima ya mahali. Ukiwa na swali nipigie kabla ya tarehe ..."

Ile sentensi ya "hakuna mwanafunzi atakayeombwa" iwekwe wazi, usiifiche chini. Mzazi Mwislamu akikuuliza kama inafaa mtoto kuingia, usijifanye shehe, mwambie ukweli wa kitakachofanyika kisha amuulize shehe wake mwenyewe. Na mzazi akikataa, amekataa. Mpe mtoto kazi ya kufanya shuleni, na usimtaje mbele ya wenzake.

4. Listi na mambo ya sekyuriti

Tuma majina mapema kama watakavyokuambia, na yalingane na vitambulisho. Mara yangu ya kwanza nilituma listi wiki mbili kabla, baadaye wanafunzi wawili wakaugua nikawabadilisha na wengine bila kumwambia mtu yeyote. Getini majina yakakataa. Nusu saa nzima tumesimama juani napiga simu huku na kule, na wale watoto wawili wanajiona kama wamefanya kosa, wakati kosa lilikuwa langu. Ukibadilisha jina hata moja, tuma listi mpya siku hiyohiyo.

Waeleze wanafunzi kwa nini kuna ukaguzi ili wasiuone kama dharau. Mkesha wa mwaka mpya, Desemba 31, 1980, bomu lililipuka hoteli ya Norfolk, ambayo ilikuwa ya familia ya Kiyahudi ya Block, na kutoka hapo hadi sinagogi ni mwendo mfupi kwa miguu. Tarehe 28 Novemba 2002 hoteli ya Paradise, Kikambala, iliyokuwa na wageni kutoka Israeli, ikashambuliwa, wakafa Wakenya 10 na Waisraeli 3. Angalia waliokufa wengi ni akina nani. Watoto wakishajua hivyo wanapanga foleni wenyewe, bila kusukumwa.

Mabegi yabaki kwenye basi. Daftari na kalamu tu. Nje usipige picha za geti, kuta wala walinzi.

5. Vipindi viwili vya darasani

Safari inafaulu au inakufa hapa, kwa hivyo nitakaa kidogo.

Kipindi cha kwanza, anza na Kenya, usianze na Abrahamu. Waambie mwaka 1903 serikali ya Uingereza ilijitolea kuwapa Wayahudi waliokuwa wanateswa Urusi ardhi Afrika Mashariki. Vitabu vinauita "mpango wa Uganda" lakini ardhi yenyewe ilikuwa uwanda wa Uasin Gishu, huku kwetu, kule Eldoret ilipo leo. Hakuna aliyewauliza wenyeji wa pale. Watu watatu wakatumwa kuja kuikagua, na mwaka 1905 mkutano wa Wazayuni, Wayahudi waliokuwa wakitafuta nchi yao wenyewe, kule Basel, Uswisi, ukaikataa. Nilipofundisha hili, kijana mmoja kutoka Turbo, karibu na Eldoret, akanyamaza, halafu akauliza, "Mwalimu, kwa hivyo shamba letu?" Baada ya swali hilo darasa zima likawa macho.

Lakini kuna waliokuja wenyewe. Jamii ya Nairobi ilianza 1904, sinagogi la kwanza likafunguliwa 1913, na jengo la sasa ni la miaka ya 1950. Abraham Block alifika 1903 akiwa hana kitu, familia yake ikaishia kuwa na mahoteli makubwa. Katikati ya miaka ya 1950 meya wa Nairobi alikuwa Israel Somen. Na mwishoni mwa miaka ya 1930 kuna familia zilizokimbilia hapa zikiwatoroka Wanazi.

Kipindi cha pili fanya maneno. Wanafunzi wetu wana bahati ambayo mwanafunzi wa Kiingereza hana: nusu ya maneno wanayajua tayari. Wayahudi huita sadaka tzedaka. Sinagogi kwa Kiebrania ni beit knesset, nyumba ya kukusanyika, na hilo knesset na neno letu kanisa, lililotufikia kupitia Kiarabu, vina mzizi mmoja. Shalom na salamu hata sihitaji kueleza. Andika ubaoni, waache watafute wenyewe mengine.

Kuna neno moja la kuwatayarisha mapema: jukwaa lenye meza ya kusomea Torati linaitwa bima. Usipowaambia watacheka mbele ya mwenyeji wakifikiria bima ya gari.

Chukua na ramani ya dunia na rula. Wayahudi popote walipo husali wakielekea Yerusalemu. Weka rula Nairobi hadi Yerusalemu: karibu kaskazini moja kwa moja, imelalia magharibi kidogo tu. Sasa weka Nairobi hadi Makka: kaskazini tena, imelalia mashariki kidogo. Yaani Myahudi wa Nairobi akisimama kusali na Mwislamu wa Eastleigh akisimama kuswali, wameelekea karibu upande mmoja. Mara ya kwanza nilipolichora hili ubaoni nilikaa kimya kidogo na mimi.

6. Maswali, yaandikwe na yachujwe

Kila mwanafunzi aandike maswali mawili kwenye karatasi, bila jina. Kusanya, soma yote. Yatakuja mazuri sana. Wasabato kutoka Kisii na Nyamira watauliza kama Jumamosi mtu anaweza kupasha chai moto, na hilo mwenyeji atalifurahia. Mtoto wa Garissa atauliza kama wanakula ngamia. Jibu ni hapana, Mambo ya Walawi 11:4 inamkataza, na hapo Wayahudi na Waislamu wanatofautiana ingawa nguruwe wote hawali.

Lakini litakuja pia lile la "kwa nini mlimuua Yesu". Kila mwaka linakuja. Usilichane ukatupa, lijibu darasani kwenu kabla ya safari. Msalaba ulikuwa adhabu ya Warumi, amri ilitoka kwa Pilato, na Kanisa Katoliki lenyewe kwenye tamko la Nostra Aetate la mwaka 1965 lilisema lawama hiyo haiwezi kuwekwa juu ya Wayahudi wote wa wakati ule wala wa leo. Mtoto anarudia alichosikia tu nyumbani au kanisani, hana ubaya. Ila mtu anayesimama mbele yake siku hiyo huenda babu yake aliuawa kwa sababu ya swali hilohilo. Waambie hivyo, kwa maneno hayohayo.

Maswali ya Gaza na Israeli je? Wana haki ya kuyawaza, na mimi huyapa nafasi yake darasani siku nyingine. Mwenyeji wa sinagogi la Nairobi si balozi wala msemaji wa serikali yoyote. Kumuuliza kana kwamba ndiye ni sawa na kumwita Mwislamu wa Pumwani ajibu mambo ya Saudia.

Chagua maswali kumi, wape wanafunzi kumi wayashike. Wakiyauliza yote, wengine waulize kwa hiari.

7. Mavazi

Sare ya shule kamili inatosha. Sketi ifunike magoti hata mtu akikaa, mikono isiwe wazi hadi mabegani. Sare ya michezo hapana. Wavulana na wanaume wote wanafunika kichwa ndani: kofia yoyote safi inafaa, kofia ya kanzu inafaa, kilemba cha Mkorino (muumini wa kanisa la Akorino) kinafaa, na mara nyingi wenyeji wana kofia ndogo za utosini za kuazima, zinaitwa kipa. Wasichana wanafunzi kwa kawaida hawalazimiki kufunika kichwa, hijabu iko sawa kabisa. Misalaba mikubwa na rozari za nje ziingie ndani ya shati, hakuna atakayewafukuza lakini ni adabu tu.

8. Siku yenyewe

Toka mapema, Uhuru Highway unaijua. Mkubaliane na dereva atawashushia wapi na atasubiri wapi, manake pale huwezi kuegesha basi ukalala. Fikeni dakika kumi na tano kabla, si saa nzima kabla. Chooni waende kabla ya kufika. Simu zote zizimwe, za walimu pia.

Chakula hakiingii ndani, hata biskuti, hata pipi mfukoni. Wana sheria zao za vyakula, kosher, na wakati wa Pasaka yao hata makombo ya mkate ni tatizo. Samosa zenu mle baadaye.

Salamu: mwenyeji mwanamume akiwa hakumpa mkono mwalimu wa kike, si dharau, Wayahudi wengi wa Kiorthodoksi hawashikani mikono mwanamume na mwanamke. (Kiorthodoksi hapa ni Wayahudi wanaoshika sheria kwa ukamilifu, haihusiani na kanisa la Othodoksi la Riruta, wanafunzi huchanganya.) Subiri yeye aanze. Mkono kifuani na "shalom" au "habari za asubuhi" inatosha.

9. Ndani

Wape kazi ya macho, la sivyo wataangalia dari. Mimi huwapa vitu vya kutafuta: kijisanduku chembamba kwenye mwimo wa mlango, kinaitwa mezuza, ndani yake kuna karatasi ya ngozi yenye maneno ya Kumbukumbu la Torati 6 na 11, taa isiyozimwa, pazia, na nyuma ya pazia kabati takatifu la kuwekea magombo. Kisha waulize kitu ambacho HAWAKIONI. Hakuna picha ya Mungu wala sanamu popote. Wale wa Kiislamu huliona haraka.

Wataona wanawake na wanaume wana sehemu tofauti za kukaa kwenye sinagogi la Kiorthodoksi. Kwa Abayudaya wengi wa Mbale wanakaa pamoja. Uliza, usihukumu.

Mkibahatika gombo litatolewa. Hapa nyamazisheni kila kitu. Linavuliwa vazi lake la kitambaa kama mtoto anayevuliwa koti, linalazwa mezani, linafunguliwa, na unaona ngozi yenye rangi ya maziwa ya chai, herufi nyeusi nzito zimepangwa kwa safu, hakuna vokali, hakuna nukta, hakuna namba za mistari. Vitabu vitano vya Musa vimo humo, herufi 304,805, zote zimeandikwa kwa mkono na wino. Herufi moja ikifutika, gombo halisomwi mpaka lirekebishwe. Huwapigia wanafunzi hesabu: ukitaka kulimaliza kwa mwaka mmoja wa siku 300 za kazi, ni herufi elfu moja na kidogo kila siku, bila kukosea. Msomaji hagusi ngozi kwa kidole, anafuata mstari kwa kijiti cha fedha chenye mkono mdogo mwishoni, kidole cha shahada kimenyooshwa.

Mwaka mmoja msichana wangu aliyesoma madrasa tangu utotoni aliinama, mikono ameifunga nyuma kama nilivyowafundisha, akafuata kile kidole cha fedha kwa macho kisha akanong'ona, "Mwalimu, inaanzia kulia." Mwenyeji akamsikia. Akamwonyesha herufi ya kwanza ya alfabeti yao, akasema, alef. Msichana akasema, alifu. Wakatazamana wakacheka wote wawili.

Mikono nyuma, basi. Hiyo ndiyo sheria pekee ninayoirudia mara tatu mlangoni.

Dakika 60 hadi 90 zinatosha. Mkimaliza, mwanafunzi mmoja atoe shukrani fupi. Zawadi ya chakula usipeleke, hata keki nzuri ya aina gani, hawawezi kuila. Kadi iliyochorwa na wanafunzi inapokelewa kwa furaha.

10. Mkirudi

Kesho yake, si wiki ijayo, waandike ukurasa mmoja: kitu nilichodhani kabla, na nilichokiona. Usisahihishe tahajia kwenye hii. Chagua tatu nne uwatumie wenyeji.

MAKOSA NINAYOYAONA SANA

Kuomba maombi au upako. Kuna walimu, Mungu awabariki, wakifika mahali pa Wayahudi wanataka waombewe, au mwanafunzi apige baragumu kama kule kanisani kwao, au mtu amekuja amejifunga shali ya vishada aliyoiona kwa mchungaji kwenye TV. Ile shali, talit, ni vazi lao la sala. Baragumu la pembe ya kondoo lina majira yake. Umekuja kama mgeni, acha vya wenyewe.

Kutamka jina la Mungu. Wanafunzi wengi wamezoea Yehova na Yahweh, wanalitaja kwa heshima kabisa. Wayahudi hawalitamki. Waambie siku hiyo waseme Mungu tu.

Kuhubiri. Kuna mwanafunzi mmoja kila darasa, kiongozi wa CU (chama cha Wakristo shuleni), ana mzigo moyoni. Zungumza naye faraghani siku moja kabla. Mwambie angejisikiaje mgeni akija kanisani kwao kumwambia amekosea.

Utani wa Hitler. Shuleni kwetu mwalimu mkali anabandikwa jina hilo, na watoto hawajui uzito wake. Lisitamkwe hata kwenye basi. Tumia nafasi hiyo uwaambie Wayahudi milioni sita waliuawa, theluthi mbili ya Wayahudi wote wa Ulaya.

Kusema "Mayahudi" kwa sauti ile ya kutukana. Unaijua sauti hiyo.

MAMBO YAKIKWAMA

Hamjajibiwa kabisa: piga simu, kisha omba njia ya mtu anayefahamiana nao, kwa mfano chuo kikuu au shule iliyowahi kwenda. Ikishindikana, fanya vipindi viwili vya hatua ya 5 hivyohivyo, na omba mgeni mmoja aongee na darasa kwa video.

Wenyeji wameahirisha asubuhi ya safari: inatokea, hasa kukiwa na tahadhari ya usalama. Usibishane. Uwe na mpango wa pili wa karibu, msikiti wa Jamia au kanisa la St Andrew's, lakini hao nao uwe umewaandikia mapema, usiwavamie.

Gombo halikutolewa: si haki yenu, ni hisani. Uliza kwa upole kama kuna kitabu cha sala au kidole cha fedha cha kuangalia. Hata pazia lina mengi ya kueleza.

Mwanafunzi ameuliza swali baya mbele ya watu: usimkemee pale, na usijibu kwa niaba ya mwenyeji. Wengi wao wameshalisikia na wanalijibu vizuri kuliko sisi. Baadaye umshukuru mwenyeji pembeni, na mtoto uzungumze naye kwa utulivu.

Mwanafunzi amefika mlangoni akaogopa kuingia: usimvute. Mwalimu mmoja abaki naye hapo nje ya mlango, ndani ya geti. Mwaka jana wangu mmoja alikaa kizingitini dakika kumi hivi, mwenyeji akamletea kiti na glasi ya maji, akakaa akisikiliza kutoka pale. Gombo lilipofunguliwa akasimama mwenyewe, akachukua kofia kwenye kikapu, akaja kusimama nyuma ya wenzake.